Komando aliyemtorosha Ghosn: kazi ilikamilika, yeye akaingia jela

Kisa cha Carlos Ghosn kutoroka Japani watu hukisimulia kwa sanduku. Bosi wa zamani wa Nissan, mwenye uraia wa Brazil, Lebanon na Ufaransa, anajikunja ndani ya sanduku jeusi la vyombo vya muziki, anapitishwa uwanja wa ndege usiku, na kesho yake yuko Beirut. Ni kisa kitamu, na wasimulizi wengi wakishafika Beirut hufunga. Hapa nitamfuata mtu mwingine, yule aliyekuwa akilisukuma sanduku.

Anaitwa Michael Taylor, Mmarekani, aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu kinachojulikana kwa kofia zake za kijani. Wakati wa tukio, Desemba 2019, alikuwa anakaribia miaka 60. Kwa kipimo cha kijeshi kazi yake ile haina doa: mlengwa alitolewa katikati ya Tokyo mchana kweupe, akavushwa mipaka miwili, hakuna risasi iliyopigwa wala mtu aliyeumizwa. Haikupita miezi mitano Taylor akakamatwa nyumbani kwake pamoja na mwanawe, na wote wawili wakaishia gereza la Japani. Aliyetoroshwa hakuguswa.

Inawezekanaje kazi ikafanikiwa kiasi kile halafu walioifanya ndio wakalipa? Kwa maoni yangu, Taylor alirudi kwenye kazi za siri na kila alichofundishwa jeshini, akasahau kwamba jeshini alikuwa na serikali nyuma yake. Askari wa siri akivuka mpaka kwa amri, kuna balozi, kuna wanasheria, kuna dola itakayokanusha au kubadilishana wafungwa. Akivuka mpaka huohuo kwa malipo ya tajiri, yeye ni raia mwenye pasipoti, na pasipoti hiyo inaandikwa kila anapopita.

Mtu mwenyewe

Tusimchore kama mzee aliyetundika daruga akaja kuvutwa ghafla. Taylor alitumikia kikosi maalumu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1982 alikuwa Lebanon, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lebanon haikumtoka tena. Alioa huko, akajenga marafiki katika jamii ya Wakristo wa nchi hiyo, na alipoacha jeshi akafungua kampuni ya ulinzi katika jimbo la Massachusetts. Kampuni ilifanya kazi za kila aina, zikiwemo zile ambazo hazitangazwi: kumrudisha mtoto aliyechukuliwa na mzazi mmoja na kupelekwa nje ya nchi, au kusaidia familia na waajiri wa watu waliotekwa. Kwa hiyo alikuwa tayari katika soko hilo kwa miaka mingi, na ndani yake alikuwa na jina.

Jina hilo lilichafuka mwaka 2012 aliposhitakiwa kuhusiana na zabuni ya jeshi la Marekani ya kufundisha askari wa Afghanistan. Waendesha mashitaka walisema alihonga ili apate taarifa za ndani za zabuni, na baadaye akajaribu kuuzima uchunguzi. Alikaa rumande muda mrefu kabla ya kesi, akakiri baadhi ya makosa mwaka 2013, akahukumiwa miaka miwili.

Sehemu hii ya maisha yake watu huipita haraka, na nadhani ndiyo inayoeleza mengi. Kufikia 2019 Taylor alikuwa na ujuzi, alikuwa na mtandao Lebanon, na alikuwa na donge moyoni dhidi ya waendesha mashitaka. Mtu wa namna hiyo hahitaji kushawishiwa sana. Ukimwambia kuna mtu anasagwa na mashine ya serikali, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Ombi lilivyovaa

Ombi lilimfikia kupitia watu wa Lebanon. Halikuja likiwa limevaa sura ya uhalifu, na ni nadra maombi ya namna hii kuja hivyo. Makomando wastaafu huitwa kwa lugha ya uokoaji: kuna mateka, kuna familia inalia, kuna nchi ambayo sheria yake haitendi haki. Mara nyingi maneno hayo ni chambo tu. Katika kesi ya Ghosn yalikuwa na nyama.

Ghosn alikamatwa tarehe 19 Novemba 2018 mara tu ndege yake ilipotua uwanja wa Haneda. Alituhumiwa kuficha sehemu ya mapato yake katika hesabu za kampuni, na baadaye kutumia fedha za Nissan kwa manufaa yake binafsi. Alikana yote na anaendelea kukana. Alihojiwa siku baada ya siku bila wakili chumbani, kwa kuwa utaratibu wa Japani hauruhusu wakili kukaa kwenye mahojiano. Baada ya siku 108 alipewa dhamana ya yeni bilioni 1, akatoka Machi 2019, akakamatwa tena Aprili, akatoka tena kwa yeni milioni 500 za nyongeza. Safari hii alikatazwa kuwasiliana na mkewe bila ruhusa ya mahakama. Nyumba yake ilifungwa kamera mlangoni. Na mbele yake kulikuwa na mfumo ambao zaidi ya asilimia 99 ya wanaofikishwa mahakamani hutiwa hatiani. Wajapani wenyewe, mawakili na wanaharakati, wana jina kali kwa mtindo huu wa kumshikilia mtu mpaka akiri: huuita haki ya mateka.

Kwa hiyo Taylor aliposema hadharani baadaye kwamba alimwona Ghosn kama mateka, hakuwa amebuni. Kosa lake halikuwa hapo. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa malalamiko ya mteja ni ya kweli, basi anayemsaidia atasamehewa. Mahakama huweza kukubali la kwanza na kukuhukumu kwa la pili bila kujikanganya hata kidogo.

Kabla ya siku yenyewe

Hapa ndipo anapoingia Peter, mtoto wa Michael, kijana wa miaka ishirini na ushee ambaye hakuwahi kuwa komando. Nyaraka zilizowasilishwa mahakamani Marekani zinasema kwamba kati ya Julai na Desemba 2019 Peter alikwenda Japani angalau mara tatu na kukutana na Ghosn angalau mara saba. Mwezi Oktoba, Ghosn alituma dola 862,500 kwa njia ya benki kwenda kampuni iliyokuwa inasimamiwa na Peter.

Ukiisoma sentensi hiyo kwa jicho la mpelelezi, kesi imekwisha. Mtuhumiwa aliye kwenye dhamana anapeleka karibu dola milioni moja kwa kampuni ya kijana anayemtembelea mara kwa mara, na miezi miwili baadaye anatoroka na baba wa kijana huyo. Hakuna haja ya jasusi. Karani wa benki anatosha.

Kwa nini watu wenye ujuzi wa kuficha watu waliacha fedha zikionekana wazi hivyo? Ninavyouona ushahidi, ni kwa sababu hawakuwa wanajificha dhidi ya uchunguzi wa baadaye. Walikuwa wanajificha dhidi ya kukamatwa siku ile. Ndivyo komando anavyofundishwa kufikiri: hatari iko kati ya kuingia na kutoka, na ukishatoka umeshinda.

Tarehe 29 Desemba

Siku yenyewe inajulikana karibu saa kwa saa, kwa kuwa kamera za Japani zilirekodi karibu kila kitu.

Asubuhi, Michael Taylor na mwenzake mwenye asili ya Lebanon walitua uwanja wa Kansai, karibu na Osaka, kwa ndege binafsi iliyotoka Dubai. Walikuwa na masanduku mawili makubwa meusi, ya aina inayobeba spika za jukwaani, na wafanyakazi wa uwanja walielezwa kuwa ni vifaa vya muziki. Waliyaacha katika chumba cha hoteli karibu na uwanja wakapanda treni ya mwendokasi kwenda Tokyo.

Mchana, yapata saa nane na nusu, Ghosn alitoka nyumbani kwake kwa miguu, peke yake, hana mzigo. Masharti ya dhamana yalimruhusu kutembea. Alikwenda hoteli ya Grand Hyatt mtaa wa Roppongi, kwenye chumba alichokodi Peter, na muda si mrefu wale wawili kutoka Osaka wakafika. Peter akaondoka zake kwenda uwanja wa Narita na kupanda ndege ya China. Watatu waliobaki wakaenda stesheni ya Shinagawa, wakapanda treni ya mwendokasi hadi Osaka, wakaingia katika hoteli ile ya karibu na uwanja baada ya saa mbili usiku.

Kabla ya saa nne usiku wakatoka watu wawili na masanduku mawili. Ghosn hakuonekana kwenye kamera yoyote akitoka.

Sanduku moja lilikuwa limetobolewa matundu chini ili apate hewa. Katika ukumbi wa ndege binafsi masanduku hayakupitishwa kwenye mashine ya eksirei. Yalikuwa makubwa kuliko mashine, na wakati huo ukaguzi wa mizigo ya ndege binafsi haukuwa wa lazima, uliachwa kwa mwendeshaji wa ndege. Ndege iliruka saa tano na dakika kumi usiku kuelekea Istanbul. Ghosn amesema alikaa ndani ya sanduku kwa takribani saa moja na nusu. Istanbul alihamia ndege nyingine ndogo, na alfajiri ya tarehe 30 alikuwa ardhi ya Lebanon, akaingia kwa pasipoti yake ya Ufaransa na kitambulisho cha Lebanon.

Nakiri ufundi wake. Walichagua siku za kufunga mwaka ambapo ofisi za Japani zimelala. Kamera ya mlangoni haikuwa inatazamwa papo kwa papo. Picha zake zilikuwa za kupelekwa mahakamani baadaye. Nissan nayo iliripotiwa kuwa iliweka watu binafsi wa kumfuatilia, wakaondolewa siku hizohizo baada ya mawakili wa Ghosn kutishia kushitaki. Kila tundu lilipimwa. Kama kozi ya kijeshi ingetoa alama, Taylor angepata zote.

Ila ndani ya ndege ile kulikuwa na orodha ya abiria, na kwenye orodha hiyo kulikuwa na jina lake halisi.

Ramani ambayo haikuchorwa

Mpango wowote wa kumtoa mtu mahali una pande mbili: mlengwa anatokaje, na timu inatokaje. Upande wa Ghosn ulichorwa kwa umakini wa kisheria. Lebanon haikabidhi raia wake kwa nchi nyingine, na haina mkataba wa aina hiyo na Japani. Mteja alipelekwa mahali ambapo mkono wa Tokyo haufiki.

Sasa tazama upande wa timu. Japani ina mikataba ya kukabidhiana watuhumiwa na nchi mbili tu duniani, Korea Kusini na Marekani. Nchi mbili, basi. Ule wa Marekani ulitiwa saini mwaka 1978. Na Michael Taylor, baada ya kazi, alirudi kwao Massachusetts.

Sidhani kwamba hakujua. Wakati mwingine mtu anajua jambo na bado anaona halimhusu. Alikuwa na hoja, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi: kwa sheria ya Japani ya wakati ule, mshitakiwa aliyeruka dhamana alipoteza fedha zake lakini hakuwa ametenda kosa jipya la jinai. Kama mkimbiaji mwenyewe hana kosa kwa kukimbia, anayemsindikiza ana kosa gani?

Japani ilikuwa na jibu katika kifungu cha 103 cha sheria yake ya adhabu. Kifungu hicho humtia hatiani anayemficha au kumwezesha kutoroka mtu aliyetenda kosa linalobeba faini au adhabu kubwa zaidi, na adhabu yake inafika miaka mitatu. Hakisemi chochote kuhusu dhamana. Kinatazama kosa la awali la mkimbiaji, yaani tuhuma zile za fedha za Nissan. Hati za kukamatwa zilitolewa Tokyo tarehe 30 Januari 2020. Tarehe 20 Mei polisi wa Marekani wakagonga mlango katika mji mdogo wa Harvard, Massachusetts. Peter alikuwa na tiketi ya kuondoka siku hiyohiyo kwenda Beirut kupitia London.

Mawakili wa familia walipigana kwa hoja hiyo ya dhamana, pamoja na hofu ya mateso katika magereza ya Japani, kuanzia mahakama ya Boston hadi Mahakama ya Juu. Hakimu wa Boston aliikataa hoja hiyo bila kusitasita sana: kazi ya mahakama ya Marekani katika kesi ya kukabidhi mtuhumiwa ni kuangalia kama kitendo kinaweza kuangukia kifungu hicho, na tafsiri ya ndani ya sheria ya Japani ni kazi ya majaji wa Japani. Njiani kulitokea kichekesho kichungu. Baba na mtoto waliomba dhamana wakanyimwa, kwa sababu upande wa mashitaka ulisema, kwa haki kabisa, kwamba hawa ni mabingwa wa kutorosha watu walio kwenye dhamana.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa kisiasa. Taylor alikuwa askari mstaafu wa kikosi maalumu, mtu aliyewahi kushirikiana na vyombo vya dola katika kesi za dawa za kulevya, na wapo waliomtetea kwa sifa hizo. Nadhani hapo ndipo alipoweka tumaini lake kubwa, kwamba nchi haimtupi komando wake. Oktoba 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliidhinisha akabidhiwe. Februari 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kuzuia, na mwanzoni mwa Machi wote wawili walipandishwa ndege kwenda Tokyo. Katika mizani ya Washington upande mmoja kulikuwa na mshirika mkubwa wa Asia na mkataba wa miongo minne, upande wa pili mstaafu mmoja ambaye hakutumwa na mtu yeyote serikalini.

Juni 2021 walikiri kosa mbele ya mahakama ya Tokyo na kuomba radhi. Waendesha mashitaka waliomba miaka miwili na miezi kumi kwa baba, miwili na nusu kwa mtoto. Tarehe 19 Julai hukumu ikatoka: Michael miaka miwili, Peter mwaka mmoja na miezi minane. Tayari walikuwa wamekaa zaidi ya miezi tisa katika jela ya Massachusetts wakisubiri kukabidhiwa. Mwishoni mwa 2022 walikuwa wamerudi Marekani.

Kuhusu fedha

Wengi husema alifanya kwa ajili ya fedha. Upande wa mashitaka ulihesabu takribani dola milioni 1.3: zile 862,500 za Oktoba, na nyingine kama 500,000 zilizotumwa na mtoto wa Ghosn kwa sarafu za kidijitali mwaka 2020, ambazo zilielezwa kuwa za kulipia mawakili. Akina Taylor walisema sehemu kubwa ya fungu la kwanza iliishia kwenye gharama, na kukodi ndege binafsi kuvuka mabara si jambo dogo, hivyo naliamini hilo kwa kiasi. Toa gharama, toa mawakili wa nchi mbili, toa zaidi ya miaka miwili ya watu wawili kifungoni. Kinachobaki hakifanani na utajiri. Fedha ilikuwepo, lakini peke yake haielezi. Ukiniuliza, kilichomvuta zaidi ni kazi yenyewe kuwa ngumu na yeye kuwa mmoja wa wachache duniani wanaoweza kuifanya. Watu wa fani hii wanaijua vizuri hamu hiyo, na wanaowaajiri wanaijua zaidi.

Hayuko peke yake

Machi 2004, Simon Mann, ofisa wa zamani wa kikosi maalumu cha Uingereza, SAS, alikamatwa uwanja wa ndege wa Harare alipokuwa akisubiri kupakia silaha kwenye Boeing 727 iliyojaa makumi ya askari wa kukodiwa. Safari ilikuwa ya Guinea ya Ikweta, kumng'oa Rais Obiang. Mann alifungwa Zimbabwe, akapelekwa Malabo, akahukumiwa huko mwaka 2008 miaka 34, akasamehewa mwaka uliofuata. Mei 2020, wiki chache tu kabla ya Taylor kukamatwa, makomando wawili wa zamani wa Marekani walinaswa ufukweni Venezuela katika jaribio la kumwondoa Rais Maduro, wakahukumiwa miaka 20 na kutoka Desemba 2023 kwa kubadilishana wafungwa.

Kesi hizo ni nzito kuliko ya Taylor, zilihusu bunduki na serikali kupinduliwa. Nazitaja kwa jambo moja. Mann aliwahi kujua jinsi biashara ya vita vya kukodiwa ilivyofanya kazi Angola na Sierra Leone miaka ya 1990, na huko walikuwa wameitwa na serikali zilizoko madarakani. Ilipofika 2004 mbinu zilikuwa zilezile na kibali hakikuwepo. Vilevile kwa Taylor: kumtoa Mmarekani mikononi mwa watekaji huku ubalozi ukijua, na kumtoa mshitakiwa mikononi mwa mahakama ya nchi rafiki, ni harakati zinazofanana kwa macho. Gari, hoteli, ndege, mabadiliko ya nguo. Anayezijua kwa mikono tu huweza asione kwamba ameshahama upande.

Waliobaki nyuma

Katika mpango ule kulikuwa na watu ambao hata hawakujua ukubwa wake. Kampuni ya Uturuki iliyokodisha ndege ilisema mfanyakazi wake mmoja alighushi nyaraka na jina la Ghosn halikuwemo kwenye orodha yoyote. Februari 2021 mahakama ya Istanbul ilimhukumu mfanyakazi huyo na marubani wawili miaka minne na miezi miwili kila mmoja, adhabu ndefu kwenye karatasi kuliko ya Taylor mwenyewe. Mfanyakazi huyo alieleza kwamba alitishiwa kuwa familia yake ingedhurika. Tokyo alibaki Greg Kelly, Mmarekani aliyeshitakiwa pamoja na Ghosn, akaendelea na kesi peke yake hadi Machi 2022, alipofutiwa sehemu kubwa ya mashitaka na kupewa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa.

Lakini kwangu mzigo mzito ni Peter. Baba alikuwa na uzoefu wa vita, wa mahakama na wa jela, alijua bei. Kijana alipewa sehemu ya kazi yenye nyayo nyingi kuliko zote: vikao, chumba cha hoteli, kampuni iliyopokea fedha. Katika timu ya kijeshi sehemu hiyo hupewa mtu mwenye jina la bandia na serikali ya kumrudisha. Hapa ilipewa mtoto wa nyumbani mwenye jina la ukoo la kiongozi wa operesheni. Majaji wa Tokyo walimwona Michael kuwa kinara, na tofauti ya adhabu ikawa miezi minne tu.

Ghosn hadi leo yuko Lebanon. Interpol ilitoa ilani ya kumsaka, Lebanon ikamzuia kusafiri, na mwaka 2022 Ufaransa nayo ikatoa hati ya kumkamata katika uchunguzi wake yenyewe. Taylor amemaliza kifungo na anaweza kupanda ndege. Mteja wake hawezi.

Na matundu yote mawili yamezibwa. Mapema 2020 Japani ilifanya ukaguzi wa mizigo mikubwa ya ndege binafsi kuwa wa lazima katika viwanja vyake vikuu, Kansai kikiwemo. Mwaka 2023 bunge lake likarekebisha sheria: mshitakiwa aliye nje kwa dhamana asipofika mahakamani bila sababu anatenda kosa la jinai, na anayehofiwa kukimbilia nje ya nchi anaweza kufungwa kifaa cha kufuatilia mahali alipo. Hoja ambayo mawakili wa Taylor waliibeba kutoka Boston hadi Washington, kwamba kuruka dhamana si kosa, haipo tena katika vitabu vya Japani.